Mama na mimi ndege moja ila tiketi tofauti, Songwe mpaka Mumbai, naombeni ushauri

Mtu wa Uyole:
Wakuu poleni na baridi. Nampeleka mama India kutibiwa, goti linamsumbua hawezi kutembea mwendo mrefu. Kaka yuko Dar akamkatia tiketi kwa wakala, moja tu Songwe (uwanja wetu wa Mbeya)–Dar–Mumbai, mimi nikajikatia yangu kwa simu vipande viwili mbalimbali, Songwe–Dar na Dar–Mumbai, maana bei ilishuka kidogo. Ndege ni zilezile ila namba za buking ziko tatu. Tutakaa pamoja kweli? Na ukungu wa Songwe asubuhi mnaujua, ndege ikishindwa kutua inakuwaje?

Dada wa Forest:
Pole na mama kaka. Pigia shirika uwape namba zote, wataandika kwenye mfumo kwamba mko pamoja. Ila haziwi tiketi moja hizo, kwa hiyo siti chagueni mapema msisubiri kaunta. Wilchea iombwe kwenye buking ya mama, ukiomba kwenye yako utasukumwa wewe mama anatembea 😂

Mzee wa Mwanjelwa:
Siti ni jambo dogo kijana, shida ni hivyo vipande vyako. Ndege ya Songwe ikichelewa mkaachwa Dar, mama tiketi yake ni moja, shirika linamtafutia ndege nyingine, wewe unahesabiwa hukutokea, unaanza kujadiliana nao upya mfuko wazi. Na begi lako usishangae likaishia Dar, ulichukue, utoke nalo, ukachekini tena Terminal 3 wakati la mama linaunganisha mpaka Mumbai.

Mtu wa Uyole:
Shikamoo mzee. Je nikimpandisha mama basi mpaka Dar siku moja kabla, tukaachana na Songwe kabisa?

Mzee wa Mwanjelwa:
Marahaba. Weee usithubutu! Asipopanda kile kipande cha Songwe, cha Dar–Mumbai nacho kinafutwa, mfumo unajua hakutokea. Halafu goti hilo kwenye basi usiku mzima na kona za mlima Kitonga, unamtakia nini mama wa watu?

Mkinga mpole:
Mzee kamaliza. Cha kufanya, kipande cha Songwe kisogezwe kiwe siku moja kabla, kwa mama na kwako, mlale kwa kaka. Ya mama abadilishe wakala mwenyewe, ukienda kaunta mara nyingi wanakurudisha kwake. Pia viza yako iwe ya msindikizaji wa mgonjwa, sio ya utalii, na barua ya hospitali toeni kopi kila mtu awe na yake mkononi, sio zote kwenye begi la mama ambalo wameshalipeleka chini kwenye ndege.

Mtu wa Uyole:
Ndaga fijo, asanteni sana wote. Kaka kaongea na wakala, anasema inawezekana ila kuna faini na tofauti ya nauli, tunasubiri atupe hesabu jioni. Viza ya mama ndio tumeshaomba, yangu bado, bora nimeuliza.