MJADALA: Gramu mbili za baruti za kufungulia mwavuli, kwa nini zidai kibali?

Mwanzisha mada:
Wadau, salaam. Naishi Marekani, na hali ya hewa ikiruhusu tunatoka na wenzangu hadi kwenye mashamba yaliyokwisha kuvunwa, turushe roketi tulizounda wenyewe: bomba la karatasi ngumu, mapezi ya mbao, injini ya dukani na mwavuli wa kuishusha salama. Kuna jambo linaniuma, nimelileta hapa tulichambue.

Roketi kubwa ikifika kileleni, mara nyingi kinachousukuma mwavuli utoke ni baruti nyeusi kidogo, gramu mbili au tatu. Sheria ya Marekani inamruhusu mwenye bunduki ya kale, ile ya kushindiliwa baruti mdomoni, anunue mpaka ratili 50 za baruti nyeusi, karibu kilo 23, bila kibali cha vilipuzi, mradi ni ya michezo, burudani au utamaduni. Mimi wa roketi msamaha huo haunifikii, maana roketi si silaha ya kale. Baruti ni ile ile, tena imetoka kopo lile lile! Natakiwa niombe kibali cha serikali kuu, nitoe alama za vidole na picha, nichunguzwe, niwe na hifadhi inayokubalika. Wengi wetu tunamtegemea mwenzetu mmoja mwenye kibali, na siku akiugua roketi kubwa zinabaki garini.

Msimamo wangu ni huu: sheria ipime kitu kinafanya nini na ni kiasi gani, isipime ni cha bunduki au cha roketi.

Mdau wa Tanga:
Pole mkuu, lakini serikali ina sababu. Vibali hivyo vilikazwa kwa sheria ya 2002, mwaka mmoja tu baada ya Septemba 11. Halafu kuna fueli yenyewe. Tarehe 4 Mei 1988 kiwanda cha amoniamu pakloreti kililipuka Henderson, Nevada. Watu wawili walifariki, zaidi ya 300 wakajeruhiwa. Hiyo ndiyo kemikali iliyomo kwenye injini zenu. Utailaumuje serikali kwa kuwa na wasiwasi?

Mwanzisha mada:
Ndugu yangu, hapo umegusa penyewe, na wengi wanachanganya. Kilicholipuka Henderson ni unga wenyewe, maelfu ya tani zilizorundikana kiwandani kwa sababu safari za Space Shuttle zilisimama baada ya ajali ya Challenger ya 1986. Unga huo ukichanganywa na alumini na mpira, kisha ukagandishwa, unakuwa kipande kigumu kinachofanana na raba ya kufutia. Kiwashe kikiwa wazi, kinaungua milimita chache tu kwa sekunde. Fueli ya aina hiyo ndiyo iliyojazwa kwenye roketi mbili nyeupe za pembeni mwa Shuttle.

ATF, idara ya serikali inayosimamia silaha na vilipuzi, ilikiingiza kipande hicho kwenye orodha ya vilipuzi. Injini isiyozidi gramu 62.5 za fueli iliachwa huru, iliyozidi hapo ikadai kibali. Mwaka 2000 vyama viwili vya wapenzi wa roketi, Tripoli na NAR, vikaenda mahakamani na swali moja: hiki kitu kinalipuka, au kinaungua? Februari 2006 Mahakama ya Rufaa ya Washington ikasema maelezo ya idara hayashikiki, maana haikuonyesha ni kasi gani inayotenganisha kuungua na kulipuka. Machi 2009 Jaji Reggie Walton akaifuta fueli hiyo kwenye orodha. Miaka tisa! Mtoto aliyekuwa na miaka 12 kesi ilipofunguliwa alikuwa na 21 ilipokwisha. Angejifunza mangapi katika muda huo?

Kwa hiyo sibishi kwamba serikali iwe na wasiwasi. Nabisha wasiwasi usiopimwa.

Mdau wa Malindi:
Mimi nimekulia Malindi, wazee wakitusimulia jukwaa la San Marco na roketi za Scout zilizoruka pale baharini, hatua zake zote nne zikiwa za fueli yabisi. Mojawapo ilipeleka setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, Siku ya Jamhuri. Kwa hiyo roketi nazipenda, kaka. Lakini hoja yako ya bunduki inaweza kukugeukia. Kama kilo 23 bila kibali ni nyingi mno, na mimi naona ni nyingi, dawa si kukulegezea wewe, ni kumkaza mwenye bunduki. Mzimamoto anayeingia nyumba inayowaka ana haki ya kujua kuna nini chumbani. Jirani pia.

Mwanzisha mada:
Dada, la mzimamoto nakubali bila kusita. Niambieni niweke sanduku la aina fulani, nitoe taarifa kituo cha zimamoto cha mtaani kwetu, nitafanya kesho. Ninachokataa ni kibali cha mtu kwa gramu. Wekeni kikomo kimoja kwa wote, tuseme nusu kilo, awe wa bunduki au wa roketi. Nusu kilo inanitosha mwaka mzima na zaidi.

Mdau wa Tanga:
Nusu kilo kwa mtu nakubali. Lakini akinunua nusu kilo maduka kumi tofauti, nani atajua?

Mwanzisha mada:
Leo anayenunua kilo 23 kwa ajili ya bunduki ya kale, nani anajua ameenda maduka mangapi? Kikomo changu kina pengo, nakiri. Daftari la pamoja la wauzaji lingeliziba, na jina langu nitakuwa wa kwanza kuliandikisha. Ila lianzishwe kwa wote wawili siku moja.