Kikao cha wazazi kutwa nzima ni mchango wa mlinzi, mtaala mpya wameuweka kwenye MENGINEYO!

Wakuu, habari za usiku. Mnivumilie kidogo, tangu nitoke kwenye kile kikao nina hasira na nikinyamaza nitapasuka.

Nauza mitumba Krokoni, hapa Arusha. Siku ya kikao nilifunika meza yangu na turubai asubuhi, sijauza hata soksi, nikapanda kifodi nikarudi Sombetini. Shule siitaji, ni ya msingi ya serikali kama yenu tu. Barua ilisema saa tatu kamili. Mwalimu mkuu kaingia saa tano kasorobo. Tumekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni, tunajadili mchango wa mlinzi. Halafu mchango wa uji. Halafu mlinzi tena, maana kuna baba mmoja alitaka kujua kama mlinzi analipwa, mbona bomba limeibiwa (swali zuri kwa kweli, hakujibiwa).

Mtaala mpya? Ulikuwepo, kwenye mengineyo, baada ya tangazo la watoto kunyoa nywele. Nikanyoosha mkono: jamani, haya mabadiliko ya madarasa yanatugusaje sisi wazazi? Nikajibiwa, "Mama, hayo ni ya kitaalamu, tuachieni walimu. Nyie hakikisheni mtoto ana daftari." Watu wakacheka, kikao kikafungwa kwa sala.

Sasa sikilizeni kwa nini niliuliza. Nina wawili wanaofuatana, mkubwa yuko la sita, mdogo la tano. Nilishapiga hesabu zangu: mkubwa anamaliza la saba 2027, mdogo 2028, katikati hapo nahema mwaka mzima. Wiki ile ya kikao jirani yangu wa meza ananiambia, "Kwani hujui la saba linafutwa?" Nikambishia mpaka tukanuniana. Usiku nikanunua bando nikaingia mtandaoni. Kweli kabisa! Mtaala ulioboreshwa ulianza Januari 2024, kwa shule za msingi wakaanza na la kwanza na la tatu, na hao waliokuwa la tatu wanaishia la sita. Huyu mdogo wangu mwaka huo alikuwa la tatu. Kwa hiyo 2027 yeye anamaliza la sita, kaka yake anamaliza la saba, na Januari 2028 wote wawili wanaingia kidato cha kwanza siku moja.

Wakuu, siku moja! Sare za watu wawili, viatu, mabegi, madaftari makubwa, na wakipangiwa bweni basi na magodoro na matranka. Vyote mwezi wa kwanza, mwezi ambao hata mitumba ya gredi A haitoki. Ada imefutwa sawa, lakini ada haikuwahi kuvaliwa miguuni. Hili nalo ni la kitaalamu? Hili ni la kibubu, na kibubu chenyewe nilitakiwa nikianze 2024.

Elimu ya lazima nayo inakuwa miaka kumi, sita ya msingi na minne ya sekondari. Pale mtaani kuna baba anasubiri kijana amalize amuingize gereji. Nani amemwambia?

Linaloniuma zaidi hata hivyo ni kosa langu mwenyewe. Mwaka jana mdogo alikuja na kazi ya nyumbani, ampigie bibi yake aliyeko Machame amuulize ukoo wetu ulitokea wapi na zamani watoto walifundishwaje adabu. Nikamfokea. Nikamwambia kasome kitabu, acha kunimalizia vocha. Akaenda na daftari tupu, akachapwa. Juzi ndiyo nafunua kitabu chake cha Historia ya Tanzania na Maadili, nagundua ndivyo wanavyotakiwa kusoma sasa hivi, mtoto aulize, afanye, aone, asikariri tu. Mwalimu alikuwa sahihi, mtoto alikuwa sahihi, mjinga nilikuwa mimi. Ila na mimi nani alinifundisha?

Najua atakuja mtu hapa aniambie "ingia tovuti ya Taasisi ya Elimu, vitabu vyote vipo bure". Nimeingia. Vitabu vipo, sipingi. Mihtasari nayo ipo, umahiri mkuu, umahiri mahususi, nimesoma kurasa mbili nikasinzia. Hiyo kaandikiwa mwalimu. Mimi nataka karatasi moja tu: mtoto wako yuko darasa hili, atamaliza mwaka huu, masomo yake ni haya, na akileta kazi ya namna hii nyumbani msaidie hivi. Na ule mkondo wa amali sekondari, wa masomo ya ufundi na kazi, mtueleze, maana huku mtaani wanasema ni wa waliofeli, na mtu akishasema hivyo hakuna mzazi atakayeuchagua.

Mama yangu ananisimulia Mtu ni Afya, ile kampeni ya elimu ya afya kwa redio, 1973. Wanakaa kikundi chini ya mgomba, redio moja, kijitabu kimoja, mmoja anayejua kusoma anawasomea wenzake, wakitoka hapo wanakwenda kuchimba vyoo. Nchi haina simu, haina chochote, na watu wazima walifundishwa wakaelewa. Leo grupu la WhatsApp la darasa lina wazazi themanini na kitu, kinachopita humo ni "wadaiwa wa uji" na majina yetu yote.

Walioko Moshi, au hata huku Njiro na Sakina, shuleni kwenu mlielezwa? Na nani, lini? Msiniambie "ndiyo nchi yetu", nataka kujua.

Mwenyekiti wa kamati ya shule nimeshampigia. Nimemuomba kikao kijacho mtaala uwe ajenda ya kwanza, mlinzi ndiye ashuke mengineyo. Akasema ataongea na mwalimu mkuu anirudie. Leo siku ya tisa.