Msaada: toleo jipya linagoma kuingia, 1603 kila nikijaribu

Kibuyu7: Wakuu, salaam. Nina programu ya mahesabu, toleo la zamani linafanya kazi vizuri tu. Toleo jipya ni faili la .msi (faili la kusakinishia programu za Windows). Nikilibofya, mstari unakwenda hadi karibu na mwisho, unarudi nyuma kama hakijatokea kitu, kisha linatoka dirisha la kosa namba 1603. Antivairasi nimezima, faili nimepakua upya, kompyuta nimewasha upya mara tatu. Nafasi ipo tele, diski niliisafisha wiki iliyopita. Natumia Windows 10. Nisaidieni kabla sijapiga Windows upya.

Nyundo: Endesha kama administreta, mkuu.

Kibuyu7: Nimefanya. Yale yale.

FundiKimya: Usipige kitu. 1603 haikwambii ugonjwa, inakwambia tu mgonjwa kafa. Toa logi, yaani kumbukumbu ya kila hatua ya usakinishaji. Fungua dirisha la amri kama administreta, uandike hivi (folda ya Temp iwepo kwanza, faili lako liwe humo, na jina liwe lake):

msiexec /i C:\Temp\jipya.msi /L*v C:\Temp\logi.txt

Ikigoma, fungua logi kwa Notepad, tafuta "Return value 3". Soma mistari michache iliyo juu yake, mingine yote achana nayo.

Kibuyu7: Logi yenyewe ni kama msahafu! Juu kidogo kuna kosa 1714, kwamba toleo la zamani haliwezi kuondolewa, na mwishoni 1612.

FundiKimya: 1612 ina maana Windows haikioni chanzo cha lile toleo la zamani. Kila .msi ikisakinishwa, nakala yake hubaki C:\Windows\Installer, folda iliyofichwa, na hupewa jina lisiloeleweka. Nakala hiyo ndiyo inayohitajika siku ya kuondoa au kurekebisha programu. Samahani kuuliza: ule usafi wa wiki iliyopita, ulifuta nini?

Kibuyu7: Niliona folda ya GB 11, mafaili yenye majina ya ajabu ajabu. Nikajua takataka.

Nyundo: 😂😂 Pole sana.

FundiKimya: Si wa kwanza wewe. Tafuta .msi ya zamani, ile ile uliyosakinishia, jina lake la awali lisibadilishwe. Toleo linalokaribiana halitakubali. Halafu (iwe ndani ya Temp, na badala ya zamani.msi uweke jina lake hilo la awali):

msiexec /fv C:\Temp\zamani.msi

Nakala itarudi mahali pake, ndipo usakinishe jipya. Ukiikosa kabisa, Microsoft wana kitatuzi cha bure cha matatizo ya kusakinisha na kuondoa programu, kinafuta kumbukumbu za programu kwenye rejista, yaani hazina ya mipangilio ya Windows. Data ya mahesabu uiwekee akiba kwanza, tafadhali.

Zabibu: Na programu nyingine ambazo nakala zake zilikuwa humo?

FundiKimya: Zitafunguka kama kawaida, mpaka siku ya kuzisasisha. Hapo atazitibu moja moja.

Kibuyu7: Nimeipata kwenye flashi ya zamani! /fv imekubali, toleo jipya limeingia. Ila mwisho wa logi naona 3010, nianze upya?

FundiKimya: Hapana, hiyo ni ya heri. Inaomba uwashe kompyuta upya tu.