Je, kijiji kinaweza kuzuia viwanja vya nyumba visimeze mashamba ya michikichi?

Mkulima, Kigoma Vijijini
Ndugu zangu, wakubwa shikamooni. Kijiji chetu kiko upande wa Mwandiga, na kila kiangazi nyumba zinazidi kusogea mashambani. Wiki iliyopita nilikuta kamba ya mpimaji imefungwa kwenye mchikichi alioupanda babu yangu mpakani, na bikoni, ile alama ya mpaka wa kiwanja, ya saruji mbichi imesimikwa palepale tunaporundika mikungu kabla ya kwenda kukamua mawese. Jirani ameuza, na sina ugomvi naye. Naomba kujua iwapo kijiji kinaweza kutenga eneo la kilimo lisijengwe, au ni lazima tuisubiri wilaya.

Mjumbe wa kamati ya ardhi, Uyui
Kinaweza. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya mwaka 2007 inaitambua halmashauri ya kijiji kuwa mamlaka ya upangaji, na mpango hupitishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Hata hivyo, ramani peke yake haimzuii mtu. Ya kwetu ilining'inia ukutani mwa ofisi huku watu wakijenga katika mbuga ya mpunga, kwa kuwa hatukuwa tumetunga sheria ndogo na kuipeleka halmashauri ya wilaya ikaidhinishwe. Udongo mweusi wa mbuga hutanuka masika na kupasuka kiangazi, kwa hiyo nyumba zile zimepata nyufa, na maji yaliyokuwa yakitulia majarubani sasa yanaingia kwa majirani. Tumepoteza mpunga bila kupata makazi ya maana.

Afisa ardhi mstaafu
Naongeza mambo mawili. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, hakimiliki ya kimila, yaani haki ya kumiliki ardhi ya kijiji kwa mila, haihamishwi bila idhini ya halmashauri ya kijiji; ombeni kuona muhtasari wa kikao kilichoidhinisha mauzo hayo. La pili ni zito zaidi: eneo likitangazwa kuwa la upangaji wa mji chini ya Sheria ya Mipangomiji Na. 8 ya mwaka 2007, uamuzi huhamia halmashauri ya wilaya au ya mji. Kwa vijiji vinavyopakana na mji, ulizeni mapema.

Mama wa Ujiji
Mimi niliuza nusu eka ili mwanangu aendelee na masomo, na sikuona njia nyingine. Michikichi yangu ilikuwa mizee, mafuta yake machache. Tangu 2018 Serikali inahimiza zao hili Kigoma, na kituo cha utafiti cha Kihinga kinazalisha mbegu bora, lakini mche mpya hukaa takriban miaka mitatu kabla ya kuzaa. Mkimkataza mtu kuuza, mwambieni pia atakula nini miaka hiyo.

Mkulima, Kigoma Vijijini
Asanteni sana. Mama, swali lako nitalipeleka mkutanoni pamoja na ombi la sheria ndogo. Kesho naanza na muhtasari.