MJADALA: Tuwe na viwango vyetu vya kawaida vya vipimo vya damu, au tuanze na mashine zinazopima?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Madaktari na watafiti wengi wa Afrika Mashariki wamekuwa wakidai nchi zetu ziwe na viwango vyake vya kawaida vya vipimo vya damu, tuache kunakili vilivyo kwenye vitabu vya watengenezaji wa mashine. Nazungumzia ile safu ya kulia kwenye karatasi ya majibu, inayosema kreatinini (taka ya misuli inayochujwa na figo) iwe kati ya hii na hii, chembe nyeupe kati ya hii na hii, na ukitoka nje unawekewa H (juu) au L (chini). Dai hilo naliunga mkono nusu. Nusu iliyobaki naileta hapa tubishane.

Nusu ninayoiunga mkono ina ushahidi mzito. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa watu wazima wenye afya njema kutoka Rwanda, Uganda, Kenya na Zambia. Walipolinganishwa na jedwali la Marekani linalotumika kwenye majaribio ya chanjo na dawa, zaidi ya theluthi moja walionekana wana kasoro. Hawakuwa wagonjwa. Wingi wa damu (himoglobini) ulikuwa chini, bilirubini (rangi ya njano ya damu) juu, na chembe nyeupe aina ya nyutrofili zilikuwa chache. Mbeya na Kericho walikuwa wametoa viwango vyao mwaka mmoja kabla. Kwa nyutrofili sababu kubwa inajulikana: wengi wetu tumezaliwa bila alama ya Duffy kwenye chembe nyekundu, hali ileile inayoizuia malaria ya vivax kuingia kwenye chembe. Mtu wa namna hiyo huwa na nyutrofili chache kwenye mzunguko wa damu, na haugui kuliko wengine. Sasa kijana anakataliwa kwenye jaribio la chanjo, au mgonjwa wa saratani anaahirishiwa dawa, kwa namba aliyozaliwa nayo. Hapo sina ubishi.

Nusu ya pili ni hii. Ndugu yangu ana kisukari na presha. Alipimwa kreatinini kwenye maabara mbili ndani ya wiki moja. Karatasi ya kwanza: 1.4, miligramu kwa desilita, kiwango 0.6 hadi 1.3, imewekewa H. Karatasi ya pili: 108, mikromoli kwa lita, kiwango 62 hadi 115, haina alama yoyote. Zidisha 1.4 kwa 88.4 uweke namba zote kwenye kizio kimoja, unapata karibu 124. Kwa hiyo kwa karatasi moja figo zina shida, kwa nyingine ni nzima, na mtu alikuwa ameshaambiwa apunguziwe dawa. Tulipouliza, ikaonekana maabara ya kwanza inatumia njia ya Jaffe na ya pili inatumia vimeng'enya.

Njia ya Jaffe ni ya mwaka 1886. Asidi ya pikriki inachanganywa na sampuli, rangi ya chungwa inajitokeza, mashine inasoma rangi. Tatizo ni kwamba protini, sukari nyingi na ketoni nazo hutoa rangi hiyo. Mgonjwa wa kisukari kilichomzidi, ambaye ndiye hasa tunayetaka kujua figo zake, ndiye anayeweza kusomewa namba ya uongo.

Gunia la viazi likifungwa lumbesa, Wakala wa Vipimo wanaingilia, kwa sababu kilo ya Mbeya lazima iwe kilo ya Kariakoo. Kreatinini ya Mbeya na ya Kariakoo zikipishana, nani anaulizwa? Na njia ya kuzilinganisha ipo. Mwaka 2002 ofisi ya kimataifa ya vipimo na mizani iliyoko Sèvres, Ufaransa, ileile iliyotunza kilo mama ya dunia, iliungana na shirikisho la kimataifa la kemia ya tiba na umoja wa vyombo vya ithibati, wakaunda kamati ya pamoja ya kuorodhesha vipimo mama kwa ajili ya maabara za hospitali. Kwa kreatinini kuna seramu ya binadamu iliyogandishwa, inaitwa SRM 967, ya taasisi ya viwango ya Marekani. Kiwanda makini kinaweza kukuonyesha jinsi namba ya kalibreta yake (sampuli ya kuiwekea mashine kipimo) inavyofuatwa nyuma hatua kwa hatua hadi kwenye kipimo mama cha namna hiyo.

Msimamo wangu: ukikusanya Watanzania 120 wenye afya, ambayo ndiyo idadi ya chini inayoshauriwa kwa kila kundi, ukawapima kwa mashine isiyofuatika hadi kwenye kipimo mama, ulichopata ni kiwango cha mashine hiyo. Mwakani zabuni ikienda kwa kampuni nyingine, kazi yote imekufa. Tusawazishe upimaji kwanza. Naomba kuwasilisha.

Tabibu wa wilayani

Mleta mada, nakuheshimu, lakini ndugu yako alikula nini jana yake? Nyama ya kupikwa inapandisha kreatinini masaa machache baada ya kula. Usiitwishe mashine kila kitu.

La pili. Mimi nina mashine moja ya kemia kwa wilaya nzima. Kinachoniumiza ni vitendanishi (kemikali za kupimia) kuisha, umeme kukatika katikati ya kazi, na maji yasiyo safi. Mgonjwa wangu namfuatilia kwa mashine ileile. Akitoka 80 akaenda 110 najua figo zinaelekea pabaya, na sihitaji Sèvres kujua hivyo. Hela ya kusawazisha ikipatikana, ninunulieni vitendanishi.

Mteknolojia wa maabara, Mwanza

Tabibu, hoja ya kumfuatilia mgonjwa kwa mashine ileile ni ya kweli mpaka siku unapompa rufaa. Akifika hospitali ya kanda anapimwa upya, na daktari wa kule analinganisha na karatasi yako.

Kuna kitu nataka wasio wa fani wakijue. Watu wanasema "maabara yetu ina nyota za SLIPTA (mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kupima ubora wa maabara kwa nyota), tunafaulu upimaji wa nje kila mzunguko, kwa hiyo tuko sawa." Mpango wa nyota ulizinduliwa Kigali mwaka 2009 na umetutoa mbali sana, nimeuona kwa macho. Lakini angalieni upimaji wa nje unavyosahihishwa. Tunaletewa sampuli zilizotengenezwa, tunapima, tunarudisha majibu. Mara nyingi jibu langu linalinganishwa na wastani wa maabara zenye mashine na njia kama yangu. Kundi la Jaffe linasahihishwa na Jaffe, kundi la vimeng'enya na vimeng'enya. Makundi yote mawili yanaweza kufaulu huku yakipishana, na cheti ukutani hakitasema.

Hufanywa hivyo kwa sababu ya msingi: sampuli ikishakaushwa au kuongezewa vihifadhi haina tena tabia ya damu ya mgonjwa, kwa hiyo ukilinganisha mashine zote pamoja unaweza kumuonea mtu. Dawa yake ni sampuli za seramu halisi iliyogandishwa zenye thamani iliyopimwa kwa njia rejea, yaani njia iliyokubaliwa kuwa kigezo cha nyingine. Zina gharama na zinahitaji mnyororo baridi usiokatika. Lakini nchi haihitaji kumpelekea kila mtu kila mwezi.

Mdau wa Eldoret

Wadau, hata mkisawazisha mashine zote, kiwango kimoja cha taifa hakitatosha. Sisi tuko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Mtu wa huku mwenye afya ana wingi wa damu ulio juu kuliko wa Mombasa, kwa sababu hewa ni nyepesi. Mwongozo mpya wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 unataka marekebisho yaanze mita 500 tu, na kwa mwinuko wetu mpaka wa upungufu wa damu unapanda kwa zaidi ya gramu 1 kwa desilita. Mama mjamzito wa huku akisomwa kwa mpaka wa pwani, upungufu wake hauonwi na yeyote. Haya ni makosa ya safu ya kulia. Mashine hapo haina lawama.

Mwenye maabara binafsi

Vitendanishi vya vimeng'enya ni ghali kuliko vya Jaffe, na mashine nyingi zinakubali vya kiwanda chake tu. Mteja anakuja na bei aliyoambiwa jirani. Nikipandisha, anaondoka. Msipoweka sharti kwa wote kwa siku moja, atakayefuata ushauri wa mleta mada atafunga duka. Sikatai. Nasema anayelipa atajwe.

Mfamasia wa CTC (kliniki ya wanaoishi na VVU)

Mmesahau aina ya tatu ya namba, na ndiyo inayonigusa kila siku. Kuna namba za uamuzi, ambazo hazijali wewe ni Mmakonde au Mfaransa. Tenofovir, dawa ya VVU, tunaipa tahadhari uchujaji wa figo ukishuka chini ya mililita 50 kwa dakika. Kisukari kinatajwa sukari ya kufunga ikifika milimoli 7.0 kwa lita, au HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari wa miezi michache) ikifika asilimia 6.5. Kwa hizo huwezi kuweka kiwango cha kwenu. Ama mashine yako inasema 6.5 ile inayosemwa na dunia, ama unamtibu mtu asiye mgonjwa na kumrudisha nyumbani aliye mgonjwa.

Na HbA1c inathibitisha kwamba inawezekana. Matokeo ya utafiti mkubwa wa kisukari wa Marekani na Kanada yalipotoka mwaka 1993, kila maabara ilikuwa na namba zake. Mwaka 1996 Wamarekani wakaanzisha mpango wa kuvilazimisha vipimo vyote vifuate ule wa utafiti, baadaye shirikisho la kimataifa likatengeneza njia rejea. Leo 6.5 ya asilimia ni 48 ya milimoli kwa moli, na hesabu ya kuzibadilisha inajulikana. Bado kwetu kuna tahadhari: mwenye selimundu chembe zake nyekundu zinakufa mapema, HbA1c inamdanganya hata kwenye mashine bora. Huyo apimwe sukari yenyewe.

Kuhusu figo, hata kreatinini ikiwa sahihi, fomula zinazoigeuza kuwa uchujaji zilitungwa kwingine. Utafiti wa Malawi, Uganda na Afrika Kusini uliotoka 2022 ulipima uchujaji wenyewe na kukuta fomula za kreatinini zinausoma juu kuliko ulivyo. Maana yake kuna watu tunaowaambia figo ziko salama wakati zimeshaanza kuchoka.

Mleta mada

Nimewasoma wote. Mdau wa Eldoret amenisogeza. Wingi wa damu una njia rejea iliyokubaliwa kimataifa tangu miaka ya 1960, na kuhesabu chembe hakupishani kati ya mashine kama kreatinini inavyopishana. Kwa hiyo viwango vyetu vya nyutrofili na marekebisho ya mwinuko havina sababu ya kusubiri chochote. Vianze. Maabara haihitaji hata watu 120 kupokea kiwango cha Mbeya au Kericho. Sampuli 20 za watu wenye afya zinatosha kukijaribu, na zisipotoka nje zaidi ya 2, kinapokelewa.

Kwa kreatinini na HbA1c sibadiliki. Tabibu, sitaki hela yako ya vitendanishi. Nataka sharti liandikwe pale hela inapotoka: TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) inaposajili kitendanishi, na Bohari ya Dawa inapotangaza zabuni. Muuzaji aonyeshe karatasi ya kufuatika hadi kwenye kipimo mama, asiyenayo asiingie. Hilo linamjibu na mwenye maabara, maana sharti la usajili linamfika jirani yake siku hiyohiyo. Jaffe iliyorekebishwa na inayofuatika naikubali kwa watu wazima wa kawaida. Kwa watoto na wenye kisukari kilichozidi, hospitali za rufaa ziwe na vimeng'enya.

Tabibu wa wilayani

Sharti la zabuni nalikubali, ila liongezwe na la pili: muuzaji afungwe kwa muda wa kuleta vitendanishi. Kipimo kinachofuatika kisichokuwepo stoo hakinisaidii.

Mteknolojia wa maabara, Mwanza

Wenye maabara mliomo humu, fungueni boksi la kreatinini mlilonalo. Ndani kuna karatasi iliyokunjwa, mtafute sehemu ya kalibreta, muone kama imetaja SRM 967 au njia rejea ya spektrometri ya masi. Andikeni hapa mlichokuta, bila kutaja kituo. Mimi nimefungua la kwetu: limeandikwa "njia ya Jaffe, iliyorekebishwa", na SRM 967 imetajwa.