Naomba ushauri: nimuulize nini mkandarasi kabla hajaanza nyumba nne za kuungana, Uyole Mbeya?

Mwenyekiwanja
Wakuu, habari za jioni. Nina kiwanja Uyole, mita 20 kwa 30. Nataka nijenge nyumba nne za kupangisha zilizoungana, kila moja ya ghorofa moja na vyumba vitatu. Upana wa kila nyumba mita 6, kwenda nyuma mita 9. Mkandarasi nimempata, Jumatatu tunakutana tumalizane, na anataka malipo ya awali asilimia 40. Tangu juzi usingizi hauji. Nipeni maswali ya kumuuliza nisije nikaumia. Mvua zimekata, na kiangazi hiki sitaki kinipite.

Nondo16
Usimuulize kama ana uzoefu, hakuna atakayekuambia hana. Mwombe vitu vya kushika mkononi. Cha kwanza ni cheti cha Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Pale utaona ni mkandarasi wa nini na wa daraja gani, kati ya la kwanza na la saba. Kuna wa barabara, wa umeme, wa mitambo. Wewe unamtaka wa majengo, na daraja lake liruhusu kazi ya thamani ya kwako, maana kila daraja lina ukomo, isipokuwa la kwanza. Hakikisha usajili uko hai mwaka huu, kisha ulizia bodi wenyewe kwa jina la kampuni.

Cha pili: nani atashinda saiti? Akutajie msimamizi kwa jina, na aseme mhandisi atafika hatua zipi. Angalau afike kabla ya kumwaga zege la msingi, la nguzo na la ghorofa, akague nondo na asaini kwenye kitabu cha saiti. Anayesaini mkataba na anayechanganya zege mara nyingi hawajuani.

Mkadiriaji
Mimi naanzia kwenye hiyo 40%. Ni kubwa mno. Akitaka malipo ya awali, aje na dhamana ya benki ya kiasi hicho hicho, na kiwe kinakatwa kidogo kidogo kwenye kila malipo yanayofuata. Mengine yote yaende kwa hatua iliyokamilika na kupimwa. Kwenye kila malipo shikilia asilimia 5 hadi 10, nusu umpe siku ya makabidhiano, nusu baada ya kipindi cha kasoro, yaani muda ambao bado anawajibika kurekebisha kasoro. Kwa Mbeya dai kipindi cha miezi 12, ili paa na kuta zipitiwe na msimu mzima wa mvua kasoro zikiwa bado juu yake.

Halafu BOQ, yaani orodha ya vifaa na kazi zote, kiasi na bei zake. Usipokee karatasi ya mistari kumi yenye jumla chini. Jaribu mwenyewe mstari mmoja: slabu (sakafu ya zege ya ghorofa) ya nyumba moja, ikiwa na unene wa sm 15, ni 6 × 9 × 0.15, yaani mita za ujazo 8.1. Nyumba nne ni 32.4. Zege la 1:2:4 (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne) linakula mifuko kama 6 na nusu ya saruji kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo slabu zote ni mifuko kama 210, bado iliyopotea. Ukikuta ameandika 150, mwambie akuonyeshe hesabu yake. Ama kakosea, ama zege limeshapunguzwa tangu kwenye makaratasi.

Mwenyekiwanja
Asante Mkadiriaji. Kuhusu 40%, yeye anasema saruji na nondo zinapanda bei, bora zinunuliwe mapema. Naona ana hoja.

Mkadiriaji
Nondo sawa, zinunuliwe na ziwekwe juu ya mbao zisiguse udongo. Saruji ya miezi mitatu stoo, kwa unyevu wa Uyole, itaganda kwenye mifuko. Hiyo hoja nusu yake haisimami.

Dada wa Mafinga
Wote mnaongea zege, paa hamlitaji, na nyumba za kuungana ugomvi wake unaanzia juu. Muulize ukuta unaotenganisha nyumba na nyumba unaishia wapi. Wengi wanaukomesha kwenye dari, halafu kenchi (mbao zinazobeba paa) zinapita juu yake moja kwa moja. Moto ukishika nyumba ya kwanza unatembea darini mpaka ya nne, na jirani akikohoa unamsikia. Ukuta upande mpaka chini ya bati, mwanya wa juu uzibwe kwa mota (saruji na mchanga), na mbao yoyote isivuke kutoka upande huu kwenda ule. Soketi za nyumba mbili zisitazamane sehemu moja ya ukuta, maana mafundi watachimba pande zote na kubakiza ganda.

Mbao ziwe zimetiwa dawa na zimekauka. Mbao mbichi ikishapigiliwa inajipinda, na mawimbi utayaona kwenye bati mwaka wa kwanza. Na kataa mfereji wa maji uliofichwa katikati ya paa. Ukizibwa na jani moja tu, maji yote yanaingia ndani.

Mzee wa Soweto
Mwanangu, kibali cha ujenzi kutoka halmashauri unacho? Kinasema nini? Watu wanakimbilia mkandarasi kabla ya karatasi, halafu alama ya X ikichorwa ukutani wanalia. Kama una wazo la kuja kuziuza moja moja, ujue ipo sheria ya mwaka 2008 ya kumiliki sehemu ya jengo. Ramani na upimaji viandaliwe kwa mtazamo huo tangu sasa. Maji na LUKU kila nyumba na mita yake, chemba za maji taka zipite nje, zisipite chini ya sakafu ya mtu.

Mwenyekiwanja
Kibali kipo mzee wangu. Tuendelee na maswali ya mkandarasi.

Nondo16
Kibali cha nini? Na mbona hujataja uchimbaji wa msingi hata mara moja? Umeanzia kwenye malipo ya awali kama vile chini kumeshakamilika.

Mwenyekiwanja
Msingi upo.

Nondo16
Upo vipi, kaka? Wa nguzo au wa mawe? Nani aliujenga, kwa ramani ipi?

Mwenyekiwanja
Ulijengwa mwaka jana. Wa mawe. Mwanzo nilikuwa najenga nyumba za chini nne, kibali ni cha hizo. Baadaye nikaona wapangaji wanataka vyumba vitatu, nikaamua kupandisha. Fundi aliyejenga anasema mawe alijaza ya kutosha, na huyu mkandarasi alikuja, akaukanyaga, akasema utabeba. Umekaa mvua zote hizi bila ufa. Hela yangu imelala pale, siwezi kuuvunja. Ndiyo maana naomba maswali ya kuanzia hapo kwenda juu.

Mpima Udongo
Sasa ndiyo umeuliza swali lenyewe. Msingi kukaa bila ufa wakati haujabeba kitu hauthibitishi lolote. Twende kwa hesabu.

Ukuta wa inchi 9 wa tofali za kuchoma una uzito wa kama kilo 440 kwa kila mita ya mraba. Nyumba ya chini yenye ukuta wa mita 3 inaleta tani 1.3 kwa kila mita ya msingi, na paa kidogo. Sasa pandisha. Ukuta wa mita 6 ni tani 2.6. Ukuta wa katikati unabeba slabu kutoka nyumba mbili, mita 3 kila upande. Slabu ya sm 15 ina kilo 360 kwa mita ya mraba, kwa hiyo ongeza tani 2.2. Uko karibu tani 5 na bado hujaweka sakafu, watu, vitanda na bati. Ni karibu mara nne ya ulichokusudia. Kuta mbili za mwisho zinapata slabu upande mmoja tu. Zile tatu za kati zikititia zaidi ya zile za pembeni, ufa utauona kwenye makutano ya kuta, unapanda kwa ngazi kufuata mota.

Tena ukanda wa Uyole una udongo wa majivu ya volkano na pumisi (vijiwe vyepesi vya volkano), mwepesi, na unabadilika ukilowa. Kinachobeba pale ni ardhi, kwa hiyo ardhi ipimwe.

Jingine: slabu ya sm 15 kuruka mita 6 bila boriti ya kati ni nyembamba, italegea. Ukiweka boriti unahitaji nguzo, na nguzo inataka kitako chake chini, yaani zege pana la kuikalia. Msingi wa mawe matupu hauna vitako.

Kipimo
Samahani, mimi naona hii ni chai. Kiwanja mita 20 kwa 30. Nyumba nne za upana wa mita 6 ni mita 24. Zinaingiaje kwenye 20? Na mtu aliyekwisha jenga msingi hawezi kuuliza maswali ya "kabla ya kuanza". Mada imetungwa tu, tunachoshana.

Mkadiriaji
Hata kama imetungwa, hesabu alizotoa Mpima Udongo zitamfaa mwingine. Ila swali la mita 24 ni la haki, mleta mada atujibu.

Mwenyekiwanja
Sijatunga. Nyumba zinatazama ubavuni, zimefuata upande wa mita 30, na mita 3 zimebaki kila mwisho. Mbele zinabaki kama mita 8 za kupitisha gari. Msingi una upana wa sm 60 na kina sm 80, fundi ndivyo alivyonitajia. Nilificha la msingi kwa sababu nilijua mtaniambia nivunje.

Mpima Udongo
Hakuna aliyesema uvunje. Kwa sm 60 na mzigo wote, pamoja na uzito wa mawe yenyewe, unafika zaidi ya tani 12 kwa mita ya mraba chini ya kuta za kati. Kuna ardhi inayobeba hivyo na kuna isiyobeba.

Chimba mashimo matatu kando ya msingi: kwenye kona, kwenye ukuta wa kati, na pale maji ya mvua hutuama. Shuka mpaka chini ya jiwe la mwisho, pima kina na upana kwa tepu, angalia kama chini kuna zege au wameanza na udongo. Kisha mhandisi apime ugumu wa ardhi pale pale. Msingi ukishindwa, njia ni mbili: kuweka nguzo zenye vitako vyake, ghorofa ibebwe na fremu ya nguzo na boriti, na mawe yabaki chini ya kuta tu, au urudi kwenye nyumba za chini. Vyovyote, kibali kibadilishwe.

Jumatatu muulize hili kabla ya yote: utaandika kwenye mkataba kwamba umeukagua msingi huu na ufa utakaotokana nao ni wa kwako? Akisita, umepata jibu.

Nondo16
Na akikubali, ongeza haya. Lenta (mkanda wa zege na nondo juu ya kuta) izunguke kuta zote bila kukatika, nondo nne za mm 12, ringi za mm 8 kila sm 20, kwenye kona zipishane sm 60. Tupo kwenye Bonde la Ufa, ardhi hutikisika. Zege la slabu lichukuliwe vipande vya sm 15, vivunjwe maabara siku ya 7 na ya 28. Limwagiliwe siku 7 mfululizo. Juni na Julai usiku wa huku ni baridi na zege linakomaa taratibu, kwa hiyo mirunda inayoshikilia slabu isitolewe kabla ya siku 21, hata kama wanaihitaji nyumba ya pili.

Mwenyekiwanja
Nimeenda leo na vijana wawili. Kona ni sm 60 kweli. Ukuta wa kati, kati ya nyumba ya pili na ya tatu, ni sm 45, kina sm 55, na chini hakuna zege, mawe yamekaa kwenye udongo mweusi unaochoteka kwa mkono. Shimo la tatu sijachimba.

Mpima Udongo
Lichimbe. Mpigie mkandarasi usiku huu, mwambie Jumatatu mnakutana saiti, aje na mhandisi wake, na hela haitoki siku hiyo. Mashimo yaache wazi ayaone, ila yafunike kwa bati watoto wasitumbukie.