Kujijengea amplifaya ya valvu: volti 120 au 230?

Kutoka: mpiga solo, Minneapolis

Wanajamvi salaam, wakubwa shikamooni. Baridi imeshaingia huku, jioni nipo ndani tu, nimeamua kujijengea amplifaya ya gitaa ya valvu, zile chupa za kioo zinazowaka ndani. Kila ninakosoma naambiwa anayejifunza aanze na Fender Deluxe ya miaka ya 1950, mchoro wa 5E3, kwa sababu haina mambo mengi. Vipande vyake vyote vinauzwa kwenye boksi moja na nilikuwa karibu kulipa. Kinachonisumbua ni kwamba baada ya miaka miwili mitatu nataka kuipeleka Dar, ibaki kwa mdogo wangu anayepiga dansi. Nikijenga ya umeme wa huku, si nitamnunulia tu transfoma ya kushushia umeme yaishe? Na hiyo 5E3 yenyewe inafaa kwa muziki wetu?

---

Kutoka: fundi wa jioni, Leicester

Marahaba mdogo wangu. Usilipe kwanza.

Nianze na swali lako la pili, maana hilo ndilo litakalokuuma. 5E3 ni tamu, ila utamu wake ni wa kukoroma. Ina valvu mbili za 6V6 zinazotoa kama wati 12, na hata sauti haijafika nusu imeshaanza kukwaruza. Wapiga roki na bluzi wanaililia kwa mkoromo huohuo. Sasa wewe chukua solo la sebene, vidole viko kule chini karibu na tumbo la gitaa, kila noti inatakiwa isikike peke yake bila kumshika mwenzake. Ongeza ngoma na besi: uji mtupu. Mimi nilianza na hiyohiyo, nikaibeba mpaka harusini Birmingham. Mpiga rizimu akanisogelea katikati ya wimbo kuniuliza kama spika yangu imechanika.

Kwa dansi tafuta AB763, mchoro wa Deluxe Reverb ya miaka ya 1960. Nayo ina 6V6 mbili, lakini inazipa volti zaidi ya 400 badala ya 350 na kitu, inatoa wati 22, halafu kuna waya unaorudisha sauti kidogo kutoka kwenye spika kuja kuzituliza hatua zilizotangulia. Sauti inabaki kavu, yaani haikwaruzi, mpaka mbali. Kazi yake ni kubwa zaidi, sikufichi. Ukiona sehemu zake za mwangwi na mtetemo zinakuchanganya ziache, jenga chaneli moja.

Sasa umeme. Transfoma ya kushushia inashusha volti, herizi haizigusi. Minnesota mna volti 120 kwa herizi 60, Dar ni 230 kwa herizi 50. Transfoma iliyofungwa kwa herizi 60 peke yake ukiilisha 50, chuma chake kinashiba usumaku mapema, inavuta umeme kuliko inavyotakiwa, inachemka. Jamaa yangu alipeleka ya kwake hivyohivyo. Ikapiga Ijumaa, ikapiga Jumamosi, Jumapili ukumbi ukanuka vanishi inayoungua. Wewe agiza tangu mwanzo transfoma yenye nyaya za 120 na za 230 au 240, iwe imeandikwa 50/60. Bei haitofautiani sana. Siku ya kuhama unahamisha waya, unabadilisha na fyuzi: kama huko uliweka ampea 2, Dar weka 1, zile za kuchelewa kukatika.

Na usidanganyike kwamba unaokoa pesa. Mtumba ni rahisi zaidi.

---

Kutoka: Muscat

Assalaam alaykum. Mie nitasema habari ya mzigo tu. Deluxe Reverb nzima na spika yake inafika kilo 19 hivi, na begi la ndege mara nyingi ni 23, kwa hiyo hapo umeshakwisha, hata zawadi za watu huna. Mie kwenda Unguja nilichukua chasisi peke yake, lile bati linalobeba mitambo, spika nikaizungushia nguo, valvu nikazichomoa nikapakata mkononi. Kasha nikachongesha kulekule. Seremala wangu alitaka kulitia nakshi na misumari ya shaba kama mlango, nikamwambia hili litapandishwa jukwaani, halitiwi ukutani. Kwa Dar mafundi wa Keko watakufanyia, lakini watakuhimiza mninga. Kataa. Mninga mzito, utavunja mgongo wa mdogo wako. Msonobari ubavuni na plaiwudi pale inapokaa spika basi.

---

Kutoka: mpiga solo, Minneapolis

Asanteni sana. Nimeachana na 5E3, AB763 nimeshaagiza. Shida sasa iko nyumbani. Mke wangu alikuwa anasoma begani kwangu, alipofika kwenye "volti 400" akauliza makaratasi ya bima ya maisha yako wapi. Nimjibu nini? Halafu tunakaa fleti.

---

Kutoka: fundi wa jioni, Leicester

Shemeji ana haki kabisa, mwambie nimesema hivyo.

Hatari haiko kwenye plagi peke yake. Kapasita kubwa za kuchujia umeme zinabaki zimejaa hata ukichomoa plagi ukaenda kunywa chai. Funga rizista ya kilo-omu 220, ya wati mbili au zaidi, kati ya kapasita ya kwanza na chasisi, ikae hapo moja kwa moja, iwe inazimwaga polepole kila ukizima. Halafu usiiamini. Pima kwa mita kila unaporudisha mkono ndani, hata kama ulitoka dakika mbili. Ikibidi kupima ikiwa inawaka, mkono mmoja uwe mfukoni, pete uiache mezani.

Waya wa ardhi ufungwe kwenye boliti yake peke yake, usiuchanganye na boliti ya transfoma. Kwenye mchoro wa zamani utaona plagi ya pini mbili na kakapasita kadogo kanakotoka kwenye umeme wa ukutani kwenda kwenye chasisi. Hako usikaweke. Kakiharibika, umeme wa ukutani unakuja kukaa kwenye nyuzi za gitaa, na midomo yako iko kwenye maikrofoni.

Usiwashe bila spika hata kwa kujaribu, utaunguza transfoma ya sauti. Na mara ya kwanza usiichomeke ukutani moja kwa moja. Tengeneza soketi yenye balbu iliyopangwa kwa mfuatano na amplifaya. Pakiwa na shoti ndani, balbu inawaka kwa nguvu zote na amplifaya yako inapona. Ikiwaka kidogo halafu ikafifia, vuta pumzi.

Jambo moja la mikono. Nyaya za volti 6.3 za kuwashia valvu zisokote kwa kubana, kama unasuka ukili, zipitishe juu ya soketi mbali na nyaya za sauti. Kwenye zile valvu ndogo za 12AX7 unaunganisha pini ya 4 na ya 5 pamoja, waya wa pili unakwenda ya 9. Nilizilaza ovyo kwenye ile ya Birmingham, ikawa inavuma kama friji.

Fleti: wati 22 za valvu ni ugomvi na majirani. Ila kwa kuwa hii ni kavu, ukiipigia chini tabia haibadiliki.

---

Kutoka: dada wa Ottawa

Kaka zangu, hiyo balbu iwe ya uzi, zile za zamani zinazopata joto. Mume wangu aliweka ya LED, akapoteza jioni nzima akidhani transfoma imekufa. Wati 60 au 100 hivi. Tulikuja kuipata kwenye duka la mitumba, bado iko kwenye boksi lake.

Na ununue 6V6 pea mbili. Valvu siku hizi karibu zote zinatoka Urusi, Slovakia na China. Machi 2022 Urusi ilipozuia kuuza nje, valvu zilipanda bei wiki hiyohiyo na watu wakazigombania. Mdogo wako Dar atazipata wapi usiku wa shoo?

---

Kutoka: mpiga solo, Minneapolis

Wakubwa, wiki ya sita leo. Jana usiku nimewasha. Balbu ikawaka, ikafifia, nikapiga kelele mpaka mtoto akaamka. Nilifunga rizista ya omu moja kwenye kathodi ya kila 6V6 ili milivolti ninazosoma ziwe ndizo miliampea. Nimerekebisha bayasi, ule umeme unaopita kwenye valvu hata usipopiga kitu, zote mbili zinasoma 21, na kwenye anodi nina volti 410. Nikapiga hesabu: wati 8.6 kila moja, wakati mwisho wake ni 12. Nadhani hapo ni salama?

Lakini inalia. Nikigusa tu kitasa cha sauti inapiga yowe kama filimbi ya refa, hata gitaa halijachomekwa.

---

Kutoka: fundi wa jioni, Leicester

Bayasi ni nzuri, iache. Yowe ni ule waya wa kurudisha sauti: badala ya kutuliza, unachochea. Zima, mwaga kapasita, pima. Halafu waya wa buluu na wa kahawia wa transfoma ya sauti, zile zinazokwenda kwenye 6V6, zibadilishane nafasi.

---

Kutoka: mpiga solo, Minneapolis

Imenyamaza! Dakika kumi tu za kulehemu. Nimempigia mdogo wangu simu ya video nikamchezea kidogo. Hakusema lolote, akaenda kuleta gitaa lake.

Samahani, moja tena. Niliamua kuweka na mwangwi, kwa ubishi. Springi nikizigonga kwa kidole zinalia kwenye spika kama radi, lakini gitaa halina mwangwi hata chembe. Nimekagua lehemu zote mara mbili.

---

Kutoka: fundi wa jioni, Leicester

Zikilia kwa kidole, upande wa kurudi ni mzima. Kazi iko upande wa kupeleka. Angalia nyuma, kile kiwaya cha kwenda kwenye sanduku la springi kimeingia mpaka mwisho?

---

Kutoka: mpiga solo, Minneapolis

Kilikuwa kinaning'inia. Naomba tusiliongelee hili mbele ya shemeji yenu.